Historia ya Tokura Shizuo na Mchuzi Tuliousifu

Mheshimiwa mtawa, wafiwa wenzangu, majirani wa mtaa wa maduka, wafanyakazi wa viwanda vya vijiko, na wateja wote mliofika kwa theluji hii ya Machi isiyotaka kwisha, mimi ni Minae, mdogo wake marehemu, yule mnayemjua kwa mikono kuliko kwa sura, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja nimewapa mabakuli yenu kupitia dirishani, na wifi yangu Kazuyo ameniomba nisome kwa niaba ya familia kwa kuwa sauti yake imeisha kwa kulia. Karatasi hii niliandikiwa na ofisi ya mazishi, ina mwandiko safi na maneno mazuri, nitaisoma, lakini kuna mahali nitaiacha, na atakayeona nimekosa adabu anisamehe au asinisamehe, kwangu leo yote ni sawa.

Marehemu Tokura Shizuo alizaliwa tarehe 14 Februari 1953 hapa hapa Tsubame, mkoa wa Niigata, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu mzee Tokura Kihei na marehemu mama Ume, katika nyumba ile ile iliyo nyuma ya duka, ingawa wakati huo duka halikuwapo na baba alikuwa anasugua vijiko kiwandani kama baba zenu wengi. Duka lilifunguliwa tarehe 1 Aprili 1959, mwezi ule ule kaka alipoanza shule ya msingi, kwa hiyo alikwenda darasani akinukia mafuta ya karai, na mchana akarudi na wenzake wanne nyuma yake wakifuata harufu, na mama akawapa wali bure, jambo ambalo baba alilinung'unikia miaka mingi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, shule ya kati kuanzia 1965 hadi 1968, na shule ya ufundi kuanzia 1968 hadi 1971. Karatasi inasema alikuwa mwanafunzi hodari, hapa lazima niseme kweli, alikuwa wa katikati, hesabu zilimshinda na kuimba kulimshinda zaidi, lakini alikuwa na pua ambayo sijaiona kwa binadamu mwingine. Wenzake walimwita Pua, na baadhi yao wameketi hapa mbele, wazee sasa, wanatikisa vichwa. Mwezi Novemba 1967 alisimama katikati ya somo akamwambia mwalimu kuwa gesi inavuja, mwalimu akamfokea akae chini, akakataa kukaa, na walipokwenda chumba cha sayansi, vyumba vitatu kutoka pale, wakakuta bomba limepasuka. Naomba mkumbuke pua hiyo, kwa sababu ndiyo habari yenyewe.

Kuanzia Aprili 1971 alifanya kazi ya kusugua vijiko kiwandani, na tarehe 2 Agosti 1976 baba alipopooza upande mmoja aliacha kazi siku hiyo hiyo na kushika duka. Hakuna aliyemfundisha mchuzi. Baba hakuweza tena kusema, alikuwa anakaa kwenye kiti kando ya jiko, kaka anachovya kijiko, anamwonjesha, baba akifumba jicho moja ina maana chumvi imepungua, akifumba yote mawili ina maana basi, usiguse kitu. Ilichukua siku arobaini kwa baba kufumba yote mawili, na siku hiyo kaka alitoka nje akalia nyuma ya mapipa, nilimwona.

Mnajua wenyewe alichokuwa anawafungia, lakini nitakisema kwa sababu mazishi ni mahali pa kusema. Vipande vitatu vyembamba vya nyama ya nguruwe, vimekaangwa mpaka viive, vinatoka karaini vikichemka na kutumbukizwa mara moja tu kwenye mchuzi wa soya na sukari, kisha juu ya wali wa mashamba yetu, hakuna yai, hakuna kabichi, hakuna mapambo, bakuli la karatasi, kifuniko, mpira mmoja wa kufungia, vijiti viwili, basi. Bei ilikuwa chini ya pakiti ya sigara na ilibaki hivyo miaka yote. Mama zenu waliliweka bakuli hilo tumboni chini ya aproni wakivuka barabara wakati wa theluji, wapate joto mara mbili. Wengine walikula garini vioo vikiwa na ukungu, wengine wamesimama nyuma ya kiwanda, na mchuzi ukishuka kwenye wali, ule wali wa chini kabisa, mtu aliinamisha uso ndani ya bakuli kama anayesali. Nimewaona. Watu wazima, wenye vyeo, mkilamba kifuniko.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1980 na Bi Kazuyo kutoka mji jirani wa Sanjo, aliyekuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na tarehe 22 Mei 1983 wakajaliwa binti mmoja, Harumi, ambaye yuko hapa na mumewe kutoka Sendai. Mimi niliingia dukani mwaka 1986 baada ya ndoa yangu kuvunjika, kaka hakuniuliza swali hata moja, alinipa aproni akaniambia, "Wewe kaa dirishani, una mdomo," na tangu siku hiyo, kila asubuhi saa tatu na nusu, kabla hatujafungua, alimimina mchuzi kidogo kwenye kisosi cheupe cha mama, akanipa kwa mikono miwili na kuniuliza, "Vipi?" Mimi nikionja nasema, "Sawa, kaka," ndipo anawasha moto wa karai. Sikuwa mpishi, lakini alisema mtu hawezi kujisikia sauti yake mwenyewe, lazima awepo wa kumwambia.

Sasa nimefika mahali nilipowaambia. Karatasi inasema, "Alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi." Nimeikata hiyo. Kaka yangu aliugua karibu miaka miwili, na mtaa mzima ulijua, isipokuwa yeye.

Mchuzi ulianza kuzidi chumvi mwezi Aprili 2016. Mwanzoni ilikuwa kidogo, kama mkono uliotetemeka. Kaka akasema soya ya siku hizi wanaichakachua, haina nguvu, akaongeza kikombe. Mwezi Juni akaongeza kingine. Nyumbani akawa anamimina soya mpaka kwenye supu, Kazuyo akaniambia, "Minae, kaka yako ana nini?" nami nikamjibu, "Uzee, wifi, wanaume wakizeeka hutaka chumvi." Ndivyo nilivyojibu. Na kila asubuhi saa tatu na nusu kisosi kilikuja, nikaonja, ulimi ukakunjamana, nikasema, "Sawa, kaka."

Nanyi je? Jana jioni nyumbani, nikigawa chai, nilimsikia kwa masikio yangu Bi Hosaka wa duka la viatu akisema, na alisema kwa fahari, "Ah, sisi tulijua zamani, mwaka mzima tulikuwa tunasuuza nyama kwa maji ya moto kabla ya kula, lakini mtu kama yule ungemwambiaje?" Na wengine wakaitikia, "Kweli, ungemwambiaje," na bwana mmoja akasema yeye alimpa mbwa, na mbwa alikunywa maji mpaka jioni, mkacheka kidogo kwa heshima. Katika mtaa huu, basi, aliyelalamika ni mbwa peke yake. Mlikuja, mkapanga foleni kwenye baridi, mkapokea kwa mikono miwili, mkainama, mkasema, "Tamu kama kawaida, fundi," mkaenda kuumwaga wali wa ndugu yangu kwenye sinki, kesho yake mkarudi. Huo uungwana mliupata wapi, jamani?

Mwenyekiti Oguma, usikohoe, bado nasoma, na nawe umo.

Tarehe 12 Oktoba 2016, saa sita na robo mchana, foleni ikiwa na watu kumi na mmoja, alikuja dereva wa lori kutoka Osaka, Bwana Nakaoka, aliyeleta vyuma kiwandani. Alipokea bakuli lake, akala pale pale amesimama, akapiga kelele kwa sauti ya watu wa kwao, "Mzee! Leo umepikia maji ya bahari, au mke kakununia?" Hakuwa na ubaya, kwao ndivyo watu wanavyopendana. Foleni nzima ikaganda. Mwenyekiti wetu wa mtaa wa maduka akamsogelea, akamwambia polepole, "Bwana, hapa si Osaka. Kama hutaki, pita." Mama mmoja nyuma akasema, "Wageni wengine hawana haya." Dereva akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Haya, nimekosa mimi. Lakini ninyi mnakila kweli hiki?"

Kaka akageuka kutoka karaini, uso wote jasho, akauliza, "Kuna nini? Chumvi?" Ilikuwa mlango umefunguka, ndugu zangu. Ilibaki mtu mmoja kati ya kumi na wawili, mimi nikiwemo, kusema ndiyo. Mwenyekiti akasema, "Hakuna kitu, fundi, tamu kama kawaida," na vichwa kumi na kimoja vikainama pamoja, na kaka akanitazama mimi, nikasema, "Dereva anatania tu, kaka." Bwana Nakaoka akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa kusema kweli, akala mpaka punje ya mwisho, akaenda zake, na mimi nikamshukuru mwenyekiti.

Kuanzia kesho yake nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Kazuyo analisikia leo. Kila saa nne, kaka akienda uani kuosha mchele, nilimimina bilauri moja ya maji yaliyolowekwa mwani kwenye mchuzi, kupunguza chumvi, baadaye mbili, baadaye tatu, nikakoroga, nikafuta mdomo wa sufuria. Mkaanza kusema, "Leo kama zamani," na mimi nikatembea kifua mbele, nikajiona nimemwokoa kaka asiaibike. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini kaka hakuficha kitu, yeye aliuliza kila asubuhi kwa kisosi mkononi, sisi ndio tuliomficha mtu maradhi yake mwenyewe. Siku nilizozidisha maji ulikuwa chapwa, siku alizorudi haraka ulikuwa chumvi tupu, na kwa yote mlisema tamu.

Tarehe 6 Desemba 2017, saa tano kasoro asubuhi, niliporudi kutoka kununua mipira ya kufungia, nilikuta moshi mweusi unatoka dirishani na kaka amesimama mbele ya karai linaloungua, ametulia, anakata nyama. Nilimvuta kwa aproni. Aliuliza, "Kwani kuna nini?" Yule aliyenusa gesi vyumba vitatu mbali alikuwa amesimama ndani ya moshi hanusi chochote.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa, wakakuta uvimbe chini ya ubongo, nyuma ya pua, mkubwa kama yai la kuku. Daktari, kijana mwenye upole, alitueleza mimi na Kazuyo kwamba uvimbe wa aina hiyo haukuwa mbaya, ulikua polepole sana, kitu cha kwanza unachokula ni pua, na pua ikifa ulimi nao unapotea, kwamba ungekutwa ukiwa kama harage wangeutoa na mgonjwa angerudi jikoni, lakini sasa umebana mishipa na hawezi kuahidi. Kisha akauliza, na hakuwa na nia mbaya, alikuwa anajaza fomu tu, "Mnasema ni mpishi? Wapishi kwa kawaida tunawawahi, kwa sababu chakula huharibika na wateja hulalamika. Wateja wake hawakulalamika?"

Nilimjibu, "Hapana, daktari, walisema ni tamu." Akaandika hivyo. Imeandikwa kwenye faili lake mpaka leo.

Tarehe 11 Januari 2018 alifanyiwa upasuaji. Siku moja kabla, mchana, tulikuwa wawili, theluji inaanguka dirishani, naye alikuwa ameshaelezwa kila kitu na amekaa akijihesabia mambo kichwani. Akaniuliza, "Minae, yule dereva. Alikuwa anatania kweli?" Nikamnyooshea shuka. Akauliza, "Mchuzi ulikuwa na chumvi?" Nilikuwa na nafasi ya mwisho, daktari ameshasema, uvimbe umeshaonekana, hakuna tena cha kuficha, na nikamtazama kaka yangu aliyenilisha miaka thelathini na mmoja, nikasema, "Kidogo tu, kaka." Akatabasamu, akasema, "Kidogo si neno." Hilo ndilo neno lake la mwisho lenye maana kwangu, kwa sababu baada ya upasuaji hakusema tena, alikaa kama baba alivyokaa, na tarehe 17 Machi 2018, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akafariki akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkono wake ukiwa mkononi mwa Harumi. Ameacha mjane, binti mmoja, mjukuu mmoja, na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hawa nawashukuru kwa moyo wangu wote, walipambana na kitu tulichowaletea kimeshaiva. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani waliobeba jeneza kwenye theluji. Inamshukuru Bwana Nakaoka, yule dereva, aliyesoma tangazo kiwandani na kuendesha gari usiku kucha kutoka Osaka, ameketi nyuma kule karibu na mlango tulipovulia viatu, eti anaona haya kukaa mbele. Bwana Nakaoka, inuka uje ukae na familia. Mpisheni njia. Na inawashukuru majirani na wateja kwa adabu yenu, ile adabu iliyotuleta hapa leo, yangu ikiwa ya kwanza katika foleni.

Tukirudi kutoka kuchoma maiti mtakaribishwa chakula, na mheshimiwa mtawa atanisamehe, najua siku kama ya leo nyama si desturi. Kwenye friza ya duka palikuwa na chupa mbili za mchuzi alioupika mwenyewe tarehe 5 Desemba, siku moja kabla ya moshi, aliouweka akiba nami sikuwahi kuutia mkono wangu wala maji yangu. Nimekaanga nyama alfajiri. Kila mmoja amefungiwa bakuli lake, na mpira wake, na vijiti vyake. Mtakula. Hakuna kusuuza, hakuna kumpa mbwa. Na kila atakayemaliza atapita mbele ya picha ya kaka yangu, atamwambia mchuzi ulivyokuwa, kwa maneno yake mwenyewe, na atakayesema tamu kama kawaida asikanyage tena nyumbani kwetu.

Naanza mimi, kwa kuwa mimi ndiye uliyeniuliza. Leo saa tatu na nusu nilimimina kwenye kisosi cha mama, nikaonja mbele ya jeneza lako, kaka, na jibu langu ni hili. Haukuwa sawa. Haukuwa sawa tangu Aprili ile, kila asubuhi. Ulikuwa na chumvi mno, kaka, haukulika. Sasa umeambiwa. Zima moto, upumzike kwa amani.